Mama Mkwe Alimnywesha Mtori, Mimi Nikaitwa Muuaji

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na minane, ni muuguzi, nina binti mmoja, na mume ninaye lakini sinaye... Nimechelewa kuyaandika haya. Msidhani ni woga, ni hasira! Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mdomo wangu haujui kuzunguka. Mama yangu alikuwa akisema nililishwa pilipili kabla ya maziwa. Ila katika haya ninayowasimulia sijaongeza chumvi hata punje moja.

Niiteni Mama Neema. Nimezaliwa Uru, nimeolewa Marangu, na maisha yangu ya ndoa nimeishi hapa Moshi mjini. Mume wangu anaitwa Godlisten. Nilipompata alikuwa mwongoza watalii mlimani, mwembamba, mwepesi, anapanda Kilimanjaro na kushuka kisha jioni anauliza kuna mpira wapi. Nilimpenda, sitadanganya. Nilimpenda mno!

Magoti yakaanza kumsumbua, akaacha mlima, akafungua duka la vifaa vya ujenzi. Hapo ndipo mwili ulipoanza kuja. Siku nzima kiti, jioni nyama choma na bia, kesho hivyo hivyo. Na watu walifurahi, jamani! Tukipanda Marangu wanasema Godi sasa amekuwa mtu. Mama yake akaninunulia kitenge kunishukuru kwa kumtunza mwanawe. Na mimi nikakivaa kanisani, nikajishaua nacho!

Kumbe tulikuwa tunashangilia ugonjwa...

Sukari ilipanda, presha ikafuata. Akilala pumzi inakatika, nami nakaa macho nimsikilize kama itarudi. Alifika mahali hawezi kuinama kufunga kamba za viatu. Kila asubuhi nilipiga magoti nikamfunga kabla sijakwenda kazini, na yeye alitazama ukutani kwa aibu. Daktari wake alimwambia wazi, mbele yangu, kwamba kwa mwendo ule asitegemee kumwona Neema akimaliza shule. Toka siku hiyo nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, mume wangu aishi.

Sasa sikilizeni. Hospitali ninayofanya kazi, ambayo sitaitaja, ikaamua kuanzisha huduma ya upasuaji wa kupunguza unene uliopitiliza, pamoja na kuwatunza watu wenye sukari na magonjwa yanayokwenda na unene. Wakachaguliwa madaktari wa upasuaji, wa usingizi, wa lishe, na sisi wauguzi wachache. Jina langu likawemo. Nilifurahi kama niliyeolewa upya!

Walimu walitoka nje na wengine Dar. Aliyetushika sisi wauguzi ni Daktari Saumu, mama wa Kitanga, mpole wa sauti lakini mkali kama wembe. Siku ya kwanza mwenzetu mmoja akatania kwamba wanene wafunge mdomo tu, kisu cha nini? Daktari Saumu hakucheka. Alituambia unene ule ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, na atakayemcheka mgonjwa kwenye wodi yake atamtoa yeye, si mgonjwa.

Tulifundishwa mengi. Tuliona kwenye skrini jinsi wanavyopitisha vyuma kwenye matundu madogo, wanakata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kinachobaki ni kijifuko chembamba kama ndizi, kimebanwa kwa pini ndogondogo. Tukafundishwa kwamba kazi ya kisu ni saa chache, kazi ya muuguzi ndiyo inaanza hapo. Wiki za mwanzo mgonjwa anakunywa maji na supu iliyochujwa, tena kwa kikombe kidogo cha dawa, funda kwa funda. Ukimjaza, ule mshono unaweza kuachia, na uchafu wa tumbo ukamwagikia ndani. Na mshono ukiachia, hausubiri homa ipande. Mapigo ya moyo yanaanza kukimbia, bega la kushoto linauma, mtu anahangaika hajui akae vipi. Daktari Saumu alitutisha na hilo mpaka nikawa naliota.

Ilipofika zamu ya kuzungumzia vyakula, akauliza mgonjwa wa huku akitoka hospitali anapewa nini. Darasa zima tukajibu kwa sauti moja, mtori! Kwa msioujua, mtori ni ndizi na nyama zinachemshwa mpaka zinalainika, zinapondwa, zinakuwa supu nzito. Kwetu Uchagani ndiyo dawa ya kila kitu. Umejifungua? Mtori. Umevunjika mguu? Mtori. Umefiwa? Mtori! Daktari Saumu akasema kwa mgonjwa huyu, wiki za mwanzo, mtori ni sumu. Tukaangua kicheko. Kumnyima Mchagga mgonjwa mtori? Utaanzia wapi? Akasema mtaanza na anayempikia. Kila mgonjwa, kabla hajalazwa, aulizwe nani anapika nyumbani, na huyo mpishi aitwe afundishwe.

Nilikuwa nikirudi nyumbani nakariri masomo kwa sauti huku naosha vyombo, na Godlisten anasikiliza. Siku moja akaniambia, "Mama Neema, na mimi niandikishe."

Nilimkatalia. Narudia, nilimkatalia! Nilimwambia huduma ndiyo kwanza inaanza, asubiri, kwanza ajaribu chakula na mazoezi. Akanibembeleza wiki baada ya wiki. Akanikumbusha maneno ya daktari kuhusu Neema. Alinishika mkono akalia, mwanaume mzima! Nikamwambia Daktari Saumu, naye akasema aje kama mgonjwa mwingine yeyote, na mimi nisiguse faili lake. Akapimwa, akaonekana anafaa. Aliyempasua ni daktari mzoefu kati ya wale walimu, wanafunzi wakitazama. Nilisema wakitazama. Likumbukeni hilo neno.

Lakini kabla ya kulazwa alinipa sharti. Mama yake asijue, wala mtu yeyote wa kwao. Tuseme amepasuliwa henia.

Nilipandwa na hasira! Nilimuuliza mama yako ndiye anayepika ukienda Marangu, utamwambia nini? Akasema hatakwenda, atakaa mjini mpaka apone, na mpishi ni mimi. Daktari Saumu alipomuuliza nani anapika nyumbani, alijibu bila kupepesa, mke wangu. Na kweli, mpishi nilikuwa mimi. Na siri ya mgonjwa muuguzi haitoi... Ningefanyaje? Hebu niambieni nyinyi, ningefanyaje?

Upasuaji ulikwenda vizuri. Alirudi nyumbani akitembea, anakunywa maji yake kwa kikombe cha dawa kama mtoto mtiifu. Sukari ikaanza kushuka hata kilo hazijapungua sana. Niliimba jikoni!

Furaha ya maskini haidumu. Mama mkwe akapiga simu. Mwanangu wa kiume amepasuliwa, halafu analala mjini kama hana kwao? Watu watasemaje? Kwetu mwanaume akiugua, nyumbani ni kihambani, kwenye migomba ya baba yake, chini ya macho ya mama yake. Godlisten alijaribu kukwepa, lakini ungekwepaje bila kusema sababu? Siku ya pili Eliudi, mdogo wake, akaja na pikapu. Akapakia godoro, akampakia kaka yake, na mimi nikapanda nyuma na chupa zangu za supu iliyochujwa.

Nilikaa naye siku za mwanzo. Mama mkwe aliniangalia nikimnywesha kile kikombe kidogo, akawa anaguna. Mtu mzima ananyweshwa kama kifaranga! Nilimwambia ni amri ya daktari, henia ilikuwa mbaya, chakula baadaye. Alinitazama kwa jicho lile ambalo kila mke aliyeolewa kwenye ukoo mwingine analijua. Jicho la kusema, huyu anamtesa mwanangu.

Kisha ikafika wiki ya mwisho ya mafunzo. Kila muuguzi alitakiwa awepo wodini na wagonjwa, walimu wakimtazama kwa macho yao. Ukikosa, unaanza upya na kundi lijalo, na hilo kundi hakuna aliyejua litakuja lini. Nilimwambia Godlisten sitakwenda. Akanifukuza kabisa! Akasema nenda, kunywa maji kunahitaji muuguzi? Nikamwapisha, maji na supu iliyochujwa tu, hakuna kingine. Akaapa kwa jina la Neema. Nikashuka Moshi.

Kila jioni nilipiga simu. Umekula nini? Maji. Umekunywa supu gani? Ile ile. Nikawa natulia.

Jumamosi mchana nilimaliza, sikungoja hata picha ya pamoja. Nikapanda Marangu. Naingia chumbani, namkuta mume wangu amekaa pembeni ya kitanda, amejikunja, shati limelowa jasho, na hali ya hewa ilikuwa ya baridi. Nikamshika mkono. Mungu wangu! Mapigo yalikuwa yanakimbia hata nikashindwa kuyafuata. Nikamuuliza maumivu yako wapi. Akaweka mkono kwenye bega la kushoto.

Wasomaji! Nilikuwa nimetoka kuulizwa na walimu dalili hizo hizo asubuhi hiyo, na nilikuwa nimejibu vizuri.

Nikamuuliza umekula nini? Akasema hakuna. Nikatoka, nikaenda jikoni, nikamuuliza mama mkwe, mama, Baba Neema amekula nini? Akasema maji yako hayo hayo, labda ndiyo yaliyomletea ubaridi. Macho hayakukutana na yangu. Nikazunguka nyuma ya jiko kwenda kuchota maji, na pale ukutani nikaona ngozi ya mbuzi imewambwa, bado mbichi, nzi wamejaa!

Nilirudi ndani kama mwendawazimu. Nikamwambia mama, mbuzi kachinjwa wa nini? Ndipo ikatoka. Jana yake majirani na wazee wa kanisa walikuja kumpa mgonjwa pole. Mama hawezi kukaribisha watu kwa maji ya moto! Alichinja mbuzi, akapika mtori, akasaga maini humo ndani ili mwanawe arudishe damu. Akambebea bakuli kwa mikono yake mwenyewe mbele ya wageni. Na Godlisten akanywa. Akaongezwa, akanywa. Alijua, jamani! Alijua kila kitu, maana alinisikia nikikariri! Lakini mbele ya wazee, mbele ya mama yake aliyesimama na bakuli, aliona bora anywe kuliko aseme kwa nini hawezi.

Usiku kucha aliumwa, akamwambia mama yake asinipigie, ningekasirika.

Nikasema anashuka hospitali sasa hivi. Mama mkwe akasimama mlangoni. Akasema ni gesi tu, mtori haujawahi kumdhuru mtu toka enzi za mababu. Akamwita baba mkubwa, kaka wa marehemu mkwe wangu, anayekaa kihamba cha jirani. Naye akaja taratibu na fimbo yake, akaketi, akasema tusikurupuke, mchungaji yuko njiani kuja kuomba, tusali kwanza kisha tuone. Nilisema baba, shikamoo, maombi tutaomba ndani ya gari! Akaniambia mwanamke wa mjini nishushe sauti.

Nikamwangalia Godlisten. Nikamwambia waambie. Akafumba macho. Nikamwambia tena, Baba Neema, waambie, unakufa! Akatikisa kichwa, hapana...

Nikaropoka! Nikasema tumbo lake limekatwa! Siyo henia! Limekatwa limebaki kama ndizi, na mtori wenu umelipasua, na mkiendelea kukaa hapo mnamsubiri mchungaji, atakuja kuzika!

Mama mkwe akapiga yowe akimwita Mungu kwa Kichagga, "Ruwa wangu! Mmemkata mwanangu tumbo?" Akakaa chini sakafuni.

Eliudi peke yake ndiye aliyesogea. Alimbeba kaka yake pamoja nami, tukamlaza nyuma ya pikapu, tukashuka. Barabara yote nimeshika mkono wake, nahesabu mapigo, napotea, naanza upya. Nilimpigia Daktari Saumu, nikamtajia mapigo na bega, akaelewa. Tulipofika Himo Godlisten alianza kuongea maneno yasiyo na maana, anamwita mteja wa dukani. Nilimpiga kofi la shavu ili asilale. Nilimwambia, ole wako ufe! Ole wako! Sijui ni sala gani hiyo lakini ndiyo niliyokuwa nayo.

Walikuwa wanatusubiri mlangoni. Wakamfungua tumbo siku hiyo hiyo. Mshono ulikuwa umeachia, kama tulivyofundishwa. Wakamwosha, wakamwekea mipira ya kutoa uchafu, akalazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Daktari Saumu alikuja akakaa nami kwenye benchi, hakunilaumu. Aliniambia kama ningekaa nao kusubiri maombi yaishe, tungekuwa tunaongea mengine.

Alikaa hospitali muda mrefu. Nilimgeuza, nilimwosha, nilimpaka mafuta miguuni. Mama mkwe alikuja, akasimama dirishani, akanipita bila salamu. Lakini Godlisten akapona! Akaanza kuketi, kutembea, kula vijiko vyake vichache. Mwili ukapungua, sukari ikashuka, akaacha sindano za sukari. Nilimshukuru Mungu na nikadhani tumemaliza.

Ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza...

Ukoo uliitisha kikao. Tuliitwa Marangu, mimi na yeye, sebuleni kwa mama mkwe, soda mezani, nyuso zimekunjwa. Baba mkubwa akafungua kwa sala, kisha akaanza kunisomea mashtaka. Kwamba nilikuwa natafuta cheti. Kwamba wazungu walihitaji mtu wa kujifunzia, nami nikamtoa mume wangu. Kwamba wanafunzi walikuwa chumbani siku anapasuliwa, ni kweli au si kweli? Nikasema walikuwepo, walitazama. Sebule ikavuma! Mama mkwe akalia, akasema nilimkata mwanawe kisha nikamsingizia yeye na mtori wake. Akaniita muuaji. Muuaji, mimi!

Sikujibu. Ajabu kwa mdomo wangu, eh? Lakini niliona hakuna haja. Aliyekuwa anajua ukweli wote alikuwa ameketi pembeni yangu. Nilijua atasimama aseme, mama, ni mimi niliyeomba, ni mimi niliyeficha, mke wangu alikataa na nikambembeleza. Sentensi moja tu!

Baba mkubwa akamgeukia, akamuuliza kama alijua anachokwenda kufanyiwa.

Godlisten akaangalia viatu vyake. Viatu alivyovifunga kamba mwenyewe asubuhi hiyo, mbele yangu, huku nikilia kwa furaha! Akasema, "Mimi nilikuwa mgonjwa tu, baba. Mambo ya hospitali anayajua Mama Neema. Aliponiambia nisaini, nilisaini."

Wasomaji wenzangu, nimeshika maiti za watoto mikononi kwenye kazi yangu hii. Sijawahi kuumia kama siku ile.

Tukiwa tunarudi nilimuuliza, kwa nini? Alinijibu tukiwa tumekaribia mjini. Akasema angewaambiaje wazee kwamba alikatwa tumbo kwa kushindwa kufunga mdomo? Akasema mimi ni mwanamke, maneno ya ukoo yatapita, nivumilie. Nivumilie! Nilifika nyumbani nikafungasha nguo zangu na za Neema, nikapanga chumba Majengo. Hakunizuia mlangoni. Alisema nitarudi hasira zikiisha.

Baba mkubwa hakuishia pale, alikwenda hospitali kulalamika. Wakubwa wakanitoa kwenye kile kitengo wakati wanachunguza. Godlisten akaitwa aje aseme neno. Akajibu ana wateja. Nikarudishwa kuchoma watoto sindano za chanjo, na baadhi ya siku machozi yangu yalikuwa yanatangulia ya watoto. Watu wa kwetu Uru wakanishauri nikapige magoti kwa wakwe niombe radhi. Radhi ya nini? Nilikataa. Afadhali nilale njaa!

Miezi ikapita. Siku moja niko na foleni ya kina mama, nainua kichwa namwona mama mkwe mlangoni, amejifunga kitenge vizuri, na Eliudi nyuma yake, mwili umejaa mlango mzima. Nilimwambia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu," na hilo neno mwanangu sikulitegemea.

Akaniomba tuongee pembeni. Akaniambia Eliudi naye sukari imemkaba, amekuja kupimwa. Na jinsi alivyoamua kuja ni hivi. Jumapili iliyopita Godlisten alikuwa Marangu, ameketi na mdogo wake barazani, anamtoa woga. Anamwambia usiogope, ni kazi ya saa chache, mimi mwenyewe nilimbembeleza Mama Neema wiki nzima nzima, hataki, mpaka nikalia ndiyo akakubali. Akacheka! Hakujua mama yake yuko nyuma ya mlango na sinia la chai.

"Nilimuuliza hapo hapo," mama mkwe akaniambia. "Nikamwambia kumbe ulijua? Na uliponyamaza sebuleni kwangu, ulikuwa unaniangalia mimi nikimtukana mkeo? Akasema mama, yameshapita."

Alikuwa ameshapita kwa mganga mkuu wa hospitali kabla ya kuja kwangu, akaeleza yote kwa mdomo wake, pamoja na mbuzi wake na mtori wake. Mama wa watu, hajui hata ofisi iko ghorofa ya ngapi! Kisha akafungua mkoba wake, akatoa jani la isale, limefungwa fundo.

Mchagga yeyote anajua isale. Ukilipeleka kwa uliyemkosea, huombi kwa mdomo tena, umeshaomba. Na anayeletewa hakatai, hata awe amekosewa vipi. Mtu wa makamo yake kumletea isale mke wa mwanawe, sijawahi kusikia. Nililipokea kwa mikono miwili. Tulilia wote, pale pale kwenye korido, kina mama na watoto wao wakitutazama.

Nilipofuta uso nikamuuliza, na yeye? Amekutuma na lake?

Akainama. Akasema, "Hajui kama nimekuja, mwanangu."

Nilimwambia mama, wewe nimekusamehe, hakuna deni tena kati yetu, mlango wangu ni wako. Lakini nyumbani kwake sirudi. Hakunibembeleza. Aliniomba tu, kwa sauti ya chini, Eliudi akipasuliwa nimfundishe cha kumpikia. Nikamchukua kwa mkono nikampeleka kwa Daktari Saumu.

Nimerudishwa kwenye kitengo. Ninafundisha wauguzi wengine sasa, na Eliudi anaendelea vizuri, anakunywa kwa kikombe cha dawa anachoshikiwa na mama yake, na huyo mama usimwambie habari ya kuongeza hata funda moja!

Ndugu zangu, unene si fedheha na tiba yake si fedheha. Kama umeamua kutibiwa, ficha kwa majirani, ficha kanisani, ficha kwa dunia nzima ukitaka, lakini usimfiche anayekupikia. Mapenzi yake yatakuua na hatajua! Na nyinyi wake mnaoambiwa mtunze siri ya mume ambayo itawageuka, msikubali kuitunza peke yenu kama nilivyokubali mimi. Aiseme yeye, kwa kinywa chake, angali mzima, mbele ya wale anaowaogopa. Akishindwa kuisema wakati huo, hataisema utakaposulubiwa kwa ajili yake.

Juzi Neema aliniuliza kama baba yake anaumwa tena, mbona hatukai naye. Nilimwambia ukweli. Nikamwambia hapana mwanangu, baba yako ni mzima kabisa.